Nyuzi Nyekundu kwenye Maua ya Zukini

4 Machi

Wifi Fundi,

Habari za huko, na habari ya Mama. Ya Mama naiuliza peke yake kwa sababu kwenye barua zako huwa anaingia mwishoni kabisa, kama mtu aliyesahauliwa akakumbukwa mlangoni. Simu nimeiacha. Tangu mwaka uanze nimepiga mara sita, na mara sita umeniambia "Mama amelala". Saa nne asubuhi Mama amelala! Mwanamke aliyetulea kwa kutuvua blanketi kabla jogoo hajawika. Basi naandika, maana barua haiambiwi kwamba mtu amelala.

Ndani ya bahasha kuna karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni mbegu za zukini. Nimepewa na mtunza bustani wa hapa hotelini, mzee mchoyo asiyempa mtu hata jani. Nilipomwambia ni za mama yangu, aliyefanya kazi kituo cha mbegu miaka ishirini na sita, akalainika. Zimo kumi na mbili, nimezihesabu mara mbili. Ni za Mama. Azipande yeye mwenyewe pale nyuma ya jiko, apate cha kumtoa chumbani. Mzee anasema mchanganye udongo na samadi iliyooza vizuri, mtie mbegu mbili kila shimo, kina cha pingili moja ya kidole, zilale ubavu zisioze. Kati ya shimo na shimo hatua moja kubwa, kwa sababu mmea huu unajitanua. Zikiota, mche wenye nguvu ubaki na mwenzake ung'olewe.

Halafu kuna hili. Barua ya mwisho ya Mama imeandikwa kwa mwandiko wako. Mimi nakagua vyumba thelathini na nane kila siku. Mto uliogeuzwa ili doa lisionekane naujua kabla sijaugusa. Naomba barua ya Mama kwa mkono wa Mama.

Mdogo wangu akirudi na lori lake, mwambie namsalimu, kama bado anakumbuka kwamba ana dada.

Wifi yako,
Mkaguzi
(Najua ndivyo mnavyoniita nikiwa sipo.)


17 Machi

Wifi Mkaguzi,

Tunakuita hivyo hata ukiwepo, ni vile tu husikii ukiwa unachungulia chini ya vitanda vyetu.

Mbegu zimefika na zimepandwa tarehe nane. Mama alikaa kwenye kigoda akitoa amri, mimi nikachimba. Nilipoleta samadi akainusa na kuniambia niirudishe nilikoitoa, bado mbichi, itaunguza mizizi. Nikaenda kutafuta nyingine. Unaona jinsi anavyoteswa.

Zimeingia mbegu tisa, mashimo matano, moja limepata mbegu ya pekee. Tatu zilikuwa mbovu. Siku ya saba zikaanza kuota, zikiinua udongo kwa mgongo, na nyingine bado zimevaa ganda lake kichwani kama kofia. Nane zimetoka. Mama alitaka nimwambie kila mche una majani mangapi, nami nikamwambia. Tumebakiza mitano, na mmoja konokono amekula nusu, lakini unajitahidi.

Hajui kwa nini unaliita zukini. Anasema hilo ni mumunye lililokwenda shule.

Kuhusu mwandiko, mkono wa Mama unamuuma, ndiyo maana anasema na mimi naandika. Nina magauni ya shule arobaini ya kushona kabla muhula haujafunguliwa, kwa hiyo usidhani naandika barua zako kwa raha.

Mama anakusalimu sana.

Wifi yako,
Fundi


2 Aprili

Wifi Fundi,

Mkono upi?

Nauliza kwa sababu Mama ni wa mkono wa kushoto, na watu wengi hulisahau hilo. Ukinijibu, nijibu bila kwenda kumwangalia.

Mbegu tatu mbovu. Mzee wa bustani nilipomwambia alitaka kunipiga na ndoo. Anasema mbegu zake anazichagua moja moja, hajawahi kutoa mbovu hata siku moja. Sasa sijui mbegu tatu zimekwenda wapi, na kama mtu anaweza kupunguza mbegu kumi na mbili zisizo na maana kwake, anapunguza nini kingine.

Jingine ni hili. Mama Kuku, jirani yetu wa uzio, alipita huku kumwona bintiye, tukakutana. Anasema Mama hatoki tena. Kwenye kikao cha wanawake hajaonekana tangu mwaka jana. Anasema amekuona kwa macho yake ukimshika Mama mkono na kumpeleka uani, ukamngoja, ukamrudisha ndani, mlango ukafungwa. Kama mahabusu. Nilicheka mbele yake ili asije kutangaza. Lisemwalo lipo, Wifi.

Nimeamua. Mwezi wa sita nina likizo. Nitakuja na gari nimchukue Mama akae na mimi. Nimepata chumba cha ziada, ghorofa ya nne, kina dirisha kubwa. Mwambie aanze kuzoea wazo hilo. Au usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Mkaguzi


21 Aprili

Wifi Mkaguzi,

Wa kushoto. Na sikwenda kumwangalia, namlisha kila siku.

Sasa nisikilize, kwa sababu leo siandiki kwa kujibizana. Huku kuna kitu sikielewi na kinanitisha.

Zukini zimekuwa kubwa, majani mapana kama sinia, yana miba midogo inayowasha. Wiki iliyopita zilianza kutoa maua ya njano. Ya mwanzo yote yalifunguka, yakasinyaa, yakaanguka bila kuacha kitu. Nikadhani tumepata hasara. Mama akasema tulia, hayo ni madume, madume ndiyo hutangulia kwenye sherehe na kuondoka bila kuosha chombo. Kweli, baada ya siku chache yakaja yenye tunda dogo nyuma yake.

Juzi asubuhi nimekwenda kumwagilia nikakuta maua matatu yamefungwa mdomo. Yamefungwa kwa uzi, Wifi. Uzi mwekundu, umezungushwa mara mbili na kufungwa fundo dogo, safi, la mtu asiye na haraka. Chini kulikuwa na ua dume lililonyofolewa majani yake yote ya njano, limebaki kijiti kitupu. Nikazikata nyuzi nikatupa jalalani. Jana asubuhi nikakuta nyingine mbili.

Uzi huo ni wangu. Ni ule ninaoshonea nembo za magauni ya shule, nimekuta kibunda chake kimepungua. Maana yake mtu anaingia mpaka barazani kwenye sanduku langu, anachukua, anakwenda kwenye bustani ya mgonjwa, sitaki kusema mgonjwa, ya mtu mzima, anafunga maua yasizae. Mimi si mtu wa kuamini ushirikina. Lakini nimekaa nayo siku mbili. Mama nilipomwambia aliniuliza tu kama nyuzi nimezikata zote. Nikasema zote. Akavuta pumzi akageukia ukutani.

Nakuuliza kwa heshima, na unijibu kwa heshima. Kuna mtu umemtuma? Mama Kuku siku hizi yuko uzioni kutwa, anajifanya anatazama maboga yake yaliyotambaa mpaka kwetu. Kama umemweka atuchunge, sema. Kunichunga nitavumilia. Kuchezea mimea ya Mama, hapana, kwa sababu sasa hivi ndicho kitu pekee anachokiamkia.

Fundi


30 Aprili
(kwa mkono wa Mama Kuku)

Mama yangu mpenzi,

Barua hii Mama Kuku atakukabidhi mkononi. Nakuomba usimwonyeshe mtu. Isome mlango ukiwa umefungwa, ukimaliza uichome.

Mama, unakaa na nani humo ndani? Nataka ujiulize polepole. Simu zangu hazikufikii. Barua zako zinaandikwa na mtu mwingine. Mbegu nilizokutumia zimepungua kabla hazijaingia udongoni. Watu wanakuona ukiongozwa kwa mkono kwenye ua wa nyumba uliyoijenga mwenyewe. Sasa yanakuja maua yaliyofungwa kwa uzi, na uzi umetoka kwenye sanduku la Fundi mwenyewe, yeye ndiye aliyekiri. Mwizi huwahi kupiga kelele ili asishikwe. Anataka uogope, Mama. Anataka uone kuna uadui nje, umshikilie yeye, mwisho nyumba ibaki mikononi mwake na sisi tuje kama wageni. Kikulacho ki nguoni mwako. Mdogo wangu yuko barabarani wiki tatu kati ya nne, haoni kitu, na hata akiona ni mume.

Sikumpenda Fundi tangu siku ya kwanza na nilijilaumu. Sasa sijilaumu tena. Ni mwongo, na namwona anakuibia siku zako.

Na nitasema na hili, kwa sababu nimelibeba miaka saba. Baba alipoanza kukohoa uliniandikia kwamba ni vumbi la chaki za darasani kwake. Ukaandika hivyo mara tatu. Nilipokuja, nilikuja kuzika. Sijakusamehe, Mama. Nimejaribu na sijaweza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe uliyaficha ya mtu mwingine. Safari hii usinifiche tena, sitavumilia mara ya pili.

Niandikie kwa mkono wako, hata mstari mmoja. Mstari mmoja tu wa mkono wako na nitalala.

Mwanao


11 Mei

Mwanangu,

Mkono huu si wangu, ni wa Fundi, na mwisho wa barua hii utajua kwa nini. Maneno ni yangu. Nimemwambia asinipambie.

Sioni. Ndiyo habari yenyewe. Naona mwanga wa dirisha, naona kivuli cha mtu akipita, basi. Mwaka jana mwezi wa tisa daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, akasema yanapasuliwa na watu wanaona. Nilimwambia nitafikiria. Nikamwapisha Fundi asikwambie. Alikataa, nikagoma kula siku nzima, ikabidi aape. Nilijua ukisikia utakuja na gari, utanipandisha ghorofa ya nne, nikae dirishani nisikoona kitu, kwenye nyumba ambayo sijui mlango uko wapi. Hapa kwangu najua. Hatua kumi na moja mpaka jikoni, ishirini na tatu mpaka bustani. Kwa hiyo nilikuwa nalala kila ulipopiga simu. Kwenye simu ungeniuliza nimevaa nini leo.

Mama Kuku alinipa barua yako mkononi kama ulivyomwagiza, akasubiri aone nitafanya nini. Nikaishika. Nikamshukuru. Alipoondoka nikamwita Fundi nikamwambia nisomee. Aliposoma mstari wa kwanza akasimama, akasema, "Mama, hapa inasema usimwonyeshe mtu." Nikamwambia, "Soma. Sina macho mengine."

Akasoma. Mwanangu, alisoma kila neno. Alisoma mwongo, alisoma mwizi, alisoma kwamba hukumpenda tangu siku ya kwanza, kwa sauti ile ile anayonisomea tarehe za dawa. Hakuharakisha. Alipomaliza akaikunja, akaniuliza kama niongezewe chai. Mimi ndiye niliyelia. Sasa hivi kalamu imesimama, namsikia. Andika, Fundi. Nimesema andika.

Maua nafunga mimi.

Wewe hukuwahi kuniuliza nilikuwa nafanya nini kituo cha mbegu. Ulikuwa unawaambia wenzako napakia bahasha. Nilikuwa mfungaji. Miaka ishirini na sita nimefunga maua ya maboga, ya mamumunye, ya matango. Mimea hii inaoana hovyo. Nyuki akitoka kwenye maboga ya Mama Kuku na unga wake akaingia kwenye zukini, tunda utalila bila kujua lolote, ila mbegu zake zitakuja kuzaa kitu kisicho na baba wala mama, na pengine kichungu cha kudhuru. Nataka mbegu safi. Kwa hiyo jioni, Fundi akiwa anakanyaga cherehani, nakwenda napapasa. Ua jike lina tunda mgongoni, kama kidole cha mtoto mchanga. Dume lina kikonyo chembamba kitupu. Litakalofunguka kesho limevimba na ncha yake imeanza kulegea. Nalifunga uzi, dume na jike, nyuki asiingie. Alfajiri nachuma dume, namvua majani yake, nausugua ule unga ndani ya jike, nalifunga tena mpaka lisinyae. Haitaki macho. Sijawahi kutumia macho sana hata nilipokuwa nayo.

Fundi sikumwambia kwa sababu angenizuia kutoka peke yangu na umande. Uzi nilichukua kibunda kilichokuwa karibu na mkono, sikujua ni mwekundu mpaka Fundi aliponiambia. Aliponiambia amezikata zote nilitaka kumpiga. Maua matano! Yalikuwa matano mazuri.

Na mbegu tatu nilizipasua mimi kwa meno, kuona kama zina kiini. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Zilikuwa nzuri sana, mwambie huyo mzee. Fundi aliona haya kukuandikia kwamba mama yako ametafuna zawadi, akasema ni mbovu.

Hakuna mtu anayenifunga, mwanangu. Mimi ndiye niliyewafungia nyinyi.

Mama yako


20 Mei

Wifi Fundi,

Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nililia. Mara ya nne nilianza kuikagua, na usinicheke, ndivyo nilivyo.

Nilimpelekea mzee wa bustani ile sehemu ya maua. Akaacha ndoo. Akasema huyu anajua kazi kuliko mimi, kwa nini hukuniambia mama yako ni mfungaji, mimi nilidhani anapakia bahasha. Nikaona aibu. Mwanamke amefanya kazi miaka ishirini na sita, na mimi mkaguzi wa vyumba vya watu sikuwahi kufungua mlango huo.

Lakini tazama na wewe upande wangu. Wewe ndiye unayezisoma barua, unayeziandika, na unayezifunga. Ukitaka Mama aseme wewe ni malaika, kalamu ni yako. Na si kwamba nilikosea yote. Nilisema mnanificha, na mlikuwa mnanificha, miezi minane, jambo linalotibika! Kila mwezi uliopita ni mwezi ambao Mama angekuwa anaona. Kiapo gani hicho? Mtu akigoma kula siku moja unamwacha apofuke?

Kwa hiyo nataka kitu cha kunithibitishia. Muulize Mama, siku nilipoondoka nyumbani kuja kuanza kazi, pale kituo cha basi, alinitia nini mfukoni na akasema nini. Hayupo mwingine anayejua.

Halafu kuna hili. Kwenye ile barua niliandika jambo kuhusu Baba. Mama amejibu mbegu, amejibu uzi, amejibu mpaka konzi aliyotaka kukupiga. Kuhusu Baba hakujibu hata nukta. Nimesubiri miaka saba niliseme, nikalisema, na yeye akapita juu yake kama maji. Limeniuma kuliko upofu wenyewe, Mungu anisamehe. Mmoja wenu amelimeza.

Nafika tarehe saba Juni, na gari. Mfungie nguo zake.

Mkaguzi


28 Mei

Wifi,

Alikutia kipande cha sabuni ya kufulia. Akakwambia, "Usiazime sabuni ya mtu, ataanza kuhesabu unaoga mara ngapi." Amecheka sana kukumbuka. Mimi sikucheka. Nimeona mahali ulipoutoa ukaguzi wako.

Sasa na mimi nina yangu. Kuhusu macho umenishika. Nilifanya vibaya. Niliogopa hasira yake leo kuliko macho yake kesho. Kila asubuhi nikimwongoza uani nilikuwa najiambia wiki hii nitamwandikia Mkaguzi, potelea mbali kiapo. Halafu nafikiria utakavyoiandika barua ya kunijibu, naahirisha. Tuligawana kosa hilo, Wifi, ila fungu langu kubwa, nalibeba.

Lakini nguo zake sifungi. Njoo uzifunge mwenyewe huku yeye amekaa kitandani akisikiliza kabati linafunguliwa. Kazi hiyo hunipi mimi.

Amekubali kupasuliwa. Nimemsemesha siku tisa, wala si ghorofa yako iliyomshawishi. Nilimwambia zukini mbili alizozifunga upya na kuziacha kwa mbegu zitaiva mwezi wa saba, na mimi sitajua ipi mbegu pevu ipi kapi, nitazitupa zote kuku wale. Akasema nisithubutu. Basi masharti yake ni haya: atakuja kwako, atapasuliwa jicho moja kwanza, na daktari akimruhusu tu unamrudisha kwake. Anataka uahidi kwa maandishi. Nikamwambia hata ukiandika ni mimi nitakayekusomea, akasema ndiyo maana anaamini.

Zile ambazo hazikufungwa tumekuwa tukizichuma za urefu wa shibiri, tukichelewa siku mbili zinakuwa kama mkono wa mtu mzima. Tunagawa mpaka watu wanatukwepa. Mama Kuku nimempelekea tano. Nimemwangalia akizipokea, hakuniangalia.

Kuhusu Baba sina la kusema. Ulimwandikia Mama, hukuniandikia mimi.

Fundi


1 Juni

Mama,

Naahidi. Nitakurudisha nyumbani siku ile ile daktari atakayosema. Fundi, msomee.

Mwanao


2 Agosti

Mwanangu,

Huu ni mkono wangu. Mistari inapanda na kushuka kama mbuzi mlimani lakini ni yangu, na ni mkono wa kushoto. Jicho moja linatosha kwa barua, na miwani uliyoninunulia inanibana pua, siivui.

Ulinirudisha kama ulivyoahidi. Sikukushukuru vizuri pale mlangoni kwa sababu nilikuwa nawatazama wewe na Fundi mkisalimiana kama watu waliokanyagana miguu. Mtazoeana. Zile zukini mbili tulizikata wiki mbili zilizopita, zimekuwa ngumu kama rungu. Nimetoa mbegu mia tatu na kitu, zimekauka kivulini. Sikutafuna zaidi ya mbili.

Tangu nirudi nina ulafi wa kusoma. Nimesoma maandishi ya boksi la dawa, gazeti lililofungia sabuni, nembo za magauni yote ya Fundi. Jana nikamwambia anipe barua zako zote, nizisome mwenyewe tangu mwanzo. Akanipa. Ile uliyonitumia kwa mkono wa Mama Kuku hakunipa. Nikaidai. Akasema ulisema ichomwe. Nikamwuliza, "Umeichoma?" Hajui kusema uongo akiulizwa uso kwa uso, nimegundua hilo sasa ninapouona uso wake. Akaenda akaitoa chini ya sanduku la nyuzi.

Nimeisoma kuanzia juu. Mwongo ipo, mwizi ipo, yote aliyonisomea yapo kama alivyoyasoma. Halafu nikafika kwa Baba yako. Mistari ile sikuwahi kuisikia. Hakuisoma. Alisoma kila tusi ulilomtukana yeye, hakuruka hata moja, na hapo kwangu akaruka.

Nilimwita nikamwuliza kwa nini. Alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja. Akasema, "Yanayonihusu nilikuwa na haki ya kuyasoma, Mama. Hilo lilikuwa lako na bintiyo. Nilisema ngoja apate macho." Kisha akasema wewe ulimshuku kwamba amelimeza, na ni kweli, amelimeza, na halikuwa tamu.

Kumbe mwezi mzima nilikaa kwako. Uliniosha jicho, ulinitia dawa kila baada ya saa sita, tulilala chumba kimoja. Ulikuwa unaningoja nilijibu, na mimi sikujua kuna la kujibu. Kila nikiuliza mbona umenyamaza, unasema umechoka na kazi. Nimelia, na daktari alikataza kulia.

Sasa nakujibu. Haikuwa vumbi la chaki. Nilijua tangu mara ya kwanza nilipoandika hivyo. Baba yako hakuniomba nifiche, nisije nikamsingizia maiti. Niliogopa mwenyewe. Nilijua ukija utaniuliza ameanza lini, na ningelazimika kukwambia alianza lini. Kila wiki ilivyopita ndivyo swali hilo lilivyozidi kuwa zito, mpaka nikaona afadhali chaki.

Na kuna usilolijua. Wiki mbili za mwisho alikuwa anakuulizia kila siku. Asubuhi akifumbua macho anasema, "Umemwandikia?" Nikamwambia nimekuandikia, uko njiani. Alikuwa anageuza kichwa kila gari likipita. Sikuwa nimekuandikia.

Sikuombi unisamehe. Usinijibu kwa barua. Njoo unigombeze hapa hapa, kwa mdomo wako, nikikutazama.

Mama yako